Uchapaji wa ofseti: Nafuu kwa mteja, gharama kwa mazingira

GAZETI la asubuhi, kitabu cha darasani, kalenda ya ukutani na boksi la dawa ya meno ni vitu visivyofanana, lakini kwa kawaida hutoka katika mashine za aina moja. Hizo ni mashine za ofseti, ambazo kwa miongo mingi zimekuwa tegemeo la uchapaji duniani, ikiwamo Afrika Mashariki.

Faida zake zinafahamika: nakala safi, kwa wingi na kwa bei nafuu. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba bei anayotozwa mteja haibebi gharama yote. Sehemu ya gharama hiyo huishia mtoni, jalani na, wakati mwingine, katika mwili wa fundi anayesimama mbele ya mashine.

Jinsi inavyofanya kazi

Msingi wa ofseti ni kanuni inayojulikana na kila mpishi: mafuta na maji havichanganyiki. Mwaka 1796, Alois Senefelder wa Ujerumani aliitumia kanuni hiyo kuchapa kwa jiwe. Mwaka 1875, Robert Barclay wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kuchapa juu ya bati. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Ira Rubel wa New Jersey aliuleta utaratibu huo kwenye karatasi, baada ya kubaini kuwa picha inayopitia kwanza kwenye mpira hutoka safi zaidi kuliko ile inayotoka moja kwa moja kwenye bamba.

Hadi leo utaratibu ni huo. Bamba jembamba la alumini hufungwa kwenye silinda. Sehemu zenye maandishi na picha hupokea wino wenye mafuta, na sehemu tupu hushika maji na kuukataa wino. Picha huhamia kwenye mpira, ambao mafundi huuita blanketi, na mpira ndio unaoigandamiza picha hiyo kwenye karatasi. Kwa kazi ya rangi, karatasi hupitia hatua hiyo mara nne: samawati, majenta, njano na nyeusi.

Faida

Faida ya kwanza ni ubora. Kwa kuwa mpira hujipinda kufuata uso wa karatasi, wino hutua sawasawa hata kwenye karatasi yenye mikwaruzo, na herufi ndogo husomeka bila tabu.

Faida ya pili ni kasi. Mashine kubwa za magazeti, zinazotumia karatasi iliyoviringwa badala ya karatasi moja moja, huweza kutoa makumi ya maelfu ya nakala kwa saa. Ndiyo maana habari ya saa nne usiku huweza kuwa mikononi mwa msomaji alfajiri.

Faida ya tatu ni bei. Gharama kubwa ya ofseti ni ya kuanza: kutengeneza mabamba, kuyafunga na kuoanisha rangi. Baada ya hapo, kila nakala inayoongezeka hugharimu karatasi na wino tu. Kitabu cha kiada kinachochapwa kwa nakala 50,000 huwa na bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuimudu.

Hata hivyo, faida hiyo ya tatu ndiyo pia chanzo cha upotevu. Kwa kuwa nakala 1,000 za ziada huonekana kama za bure, taasisi nyingi huagiza kalenda, vipeperushi na ripoti kuliko mahitaji yao. Ziada hiyo hukaa stoo mpaka ipitwe na wakati, kisha hutupwa.

Athari kwa mazingira

Karatasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya athari. Kuitengeneza kunahitaji miti, maji na nishati nyingi. Wakazi wa magharibi mwa Kenya wanalielewa hilo, kwani kiwanda cha karatasi cha Webuye kililalamikiwa kwa miaka mingi kwa kuchafua hewa na Mto Nzoia kabla ya kufungwa mwaka 2009. Aidha, kila kazi ya ofseti huanza kwa karatasi za majaribio zinazoharibika mpaka rangi zikae sawa.

Athari ya pili ni kemikali. Maji ya mashine mara nyingi huchanganywa na spiriti, na wino mwingi hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Vimiminika vya kusafishia mipira na rola hugeuka mvuke kwa urahisi, na mvuke huo unapokutana na mwanga wa jua na moshi wa magari huchangia kutokea kwa ozoni karibu na ardhi, hewa inayodhuru mapafu. Matambara yenye wino na dawa za kusafishia mabamba nayo ni taka hatari zikimwagwa mtaroni.

Anayeathirika kwanza, hata hivyo, ni mfanyakazi. Mwaka 2012 ilifichuka nchini Japan kwamba wafanyakazi zaidi ya 10 wa kampuni moja ya uchapaji wa ofseti mjini Osaka, baadhi yao wakiwa vijana, walikuwa wamepata saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huwapata wazee. Walikuwa wakisafisha wino kwenye mipira mara nyingi kwa siku, katika chumba kisichopitisha hewa vizuri, kwa kemikali iitwayo dikloropropani. Mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Njia za kupunguza madhara

Habari njema ni kwamba dawa za maradhi haya zinajulikana. Mwaka 1987, gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, Marekani, lilianza kuchapwa kwa wino wa mafuta ya soya, ambao hutoa mvuke kidogo na huondoka kwa urahisi karatasi inaporejelezwa. Utengenezaji wa mabamba moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta umeondoa filamu na dawa zake. Mabamba yaliyotumika nayo ni mali, kwani kuyeyusha alumini kuukuu huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutengeneza mpya.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya inazo sheria kama hizo za mwaka 2007 na 1999. Lakini hatua muhimu zaidi hazimsubiri mkaguzi: madirisha na feni za kutoa hewa, glavu, makopo yenye vifuniko, na kufahamu kilichomo ndani ya kila dumu linaloingia kiwandani.

Mteja naye ana nafasi yake. Kwa nakala chache, uchapaji wa kidijitali, usiohitaji mabamba, huwa na upotevu mdogo. Kwa nakala nyingi, ofseti bado haina mpinzani, ilimradi idadi inayoagizwa iwe ile itakayosomwa. Na kabla ya kuchagua kiwanda chenye bei ya chini kuliko vyote, ni busara kuuliza maji yake machafu yanamwagwa wapi, na mafundi wake wanavuta hewa gani.