Winchi Ndogo ya Bwana Hornby

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Viongozi wa madarasa, tafadhali hakikisheni kila mwanafunzi ana karatasi na penseli. Kama ipo rula yenye inchi, iwekwe mezani, maana tutaihitaji.

Mara nyingi tukitaja historia tunafikiri habari za wafalme na vita. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo kinachotosha kukaa juu ya meza, yaani mfano wa winchi. Nitawaeleza jinsi karani mmoja wa Liverpool, mji wa bandari katika Uingereza, alivyotaabika kutengeneza vipande vya winchi hiyo kwa mikono yake, na jinsi taabu ile ilivyomfundisha faida ya kipimo kimoja.

Kwanza tufahamu maneno matatu.

WINCHI ni mashini ya kuinulia mizigo mizito. Aliyefika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam ameona winchi zikitoa mizigo melini.

KAPI ni gurudumu dogo lenye mfereo, ambalo kamba hupita juu yake.

MFANO, katika somo hili, ni kitu kidogo kilichofanana na kikubwa kwa vipimo. Tuseme winchi ya kweli ina urefu wa futi 48. Tukiifanya kila futi iwe robo inchi, mfano wake utakuwa na urefu wa inchi 12.

KARANI NA WANAWE

Frank Hornby alizaliwa Liverpool tarehe 15 Mei, 1863. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akafanya kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake. Mwaka 1899 baba alifariki na biashara ikafungwa. Basi Hornby akaajiriwa kuwa karani wa hesabu kwa Bwana David Elliott, aliyekuwa akiingiza nyama kutoka nchi za nje. Hakupata kusoma uhandisi katika chuo chochote. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na nyumbani alikuwa na mke na watoto wa kulisha.

Lakini Hornby alipenda sana kazi ya mikono. Alikuwa na wana wawili, Roland na Douglas, na mwaka 1899 alianza kuwatengenezea vitu vya kuchezea kwa mabati. Liverpool ulikuwa mji wa meli, reli na winchi, kwa hiyo alitengeneza mifano ya vitu walivyoviona kila siku, yaani madaraja, magari ya mizigo na winchi.

TAABU YA VIPANDE

Ndugu zangu, fikirini kazi yenyewe. Daraja likisha kujengwa hukaa palepale. Winchi ni lazima itembee. Mkono wake hupanda na kushuka. Kamba huzungushwa kwenye ngoma, hupita juu ya kapi, na mwisho wake una ndoana ya kushika mzigo. Mtu anayetaka kutengeneza mfano wake hana budi kukata kila kipande, kukipiga tupa, kukitoboa na kukipinda. Tundu likikaa upande kidogo tu, ekseli haizunguki, kamba hukwama, na mzigo haupandi.

Tena ilikuwapo taabu kubwa kuliko hiyo. Kila kipande kilifaa mahali pamoja tu. Kipande kilichokatwa kwa ajili ya mguu wa winchi hakikufaa kuwa mkono wake. Watoto walipochoka na winchi wakataka gari, baba alianza tena tangu mwanzo, kwa bati jipya.

Jambo hili si geni kwetu. Watoto wetu hutengeneza magari mazuri kwa waya na makopo. Lakini gurudumu la gari la Juma halikai katika gari la Ali, kwa sababu kila mmoja alipima kwa jicho lake.

WAZO LA MATUNDU

Hornby mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia akiwa safarini katika treni. Alijiuliza hivi: kwa nini nitengeneze vipande vya winchi tu? Kwa nini nisitengeneze vipande vinavyoweza kuwa winchi leo, na kesho vikafunguliwa vikawa daraja au gari?

Basi akakata vipande virefu vyembamba vya bati. Sisi tuviite fito, kama fito tunazojengea nyumba. Kila ufito ulikuwa na upana wa nusu inchi, na katikati yake akatoboa matundu kwa mstari. Kutoka tundu moja hadi jingine palikuwa na nusu inchi, bila kuzidi wala kupungua. Fito ziliungwa kwa skrubu ndogo na nati. Mwanzoni hata skrubu na nati alizitengeneza mwenyewe, mpaka alipopata mahali pa kuzinunua.

Sasa chukueni rula na penseli. Chora ufito wenye urefu wa inchi 5 na nusu. Weka tundu la kwanza robo inchi kutoka mwisho wa ufito, kisha endelea kila nusu inchi. Utapata matundu mangapi? Utapata 11. Ufito wa inchi 2 na nusu utakuwa na matundu 5. Weka ufito mfupi juu ya mrefu, mahali popote utakapo, na matundu yataelekeana. Siri yote ya Bwana Hornby ni hiyo.

Lakini tundu lilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kupitisha skrubu ya kuunga fito. Kazi ya pili ilikuwa kushika ekseli. Mtu alipopitisha ufito mwembamba wa chuma, wa mviringo, katika matundu mawili yaliyoelekeana, chuma kile kilizunguka vizuri. Ukikizungushia kamba, umepata ngoma ya winchi. Ukikitia magurudumu, umepata gari. Tundu lilelile lililoshika skrubu jana, leo linashika ekseli. Kwa hiyo hapakuwa na haja tena ya kukata kipande maalumu kwa kila mahali.

Haifai kudhani kwamba Hornby alikuwa mtu wa kwanza kufikiri juu ya kipimo kimoja. Mwaka 1841 fundi mkubwa Joseph Whitworth alishauri karakana zote za Uingereza zitumie meno ya skrubu ya namna moja. Kabla ya hapo kila karakana ilikata meno yake kwa namna yake, hata skrubu ya hapa haikuingia katika nati ya pale. Alilofanya Hornby ni kulileta wazo hilo juu ya meza ya mtoto.

PAUNI TANO ZA KUAZIMA

Mwaka 1900 ulipokwisha, Hornby alikuwa na seti ya vipande aliyoona inafaa kuuzwa. Ilibaki kupata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na hati ile ilikuwa na gharama. Karani hakuwa na fedha. Akamwendea tajiri wake, Bwana Elliott, akamwazima pauni 5. Hati ikapatikana mwezi wa Januari, 1901.

Je, wenye viwanda walimkimbilia? Hasha. Vipande vyake havikuwa vimetengenezwa kwa unadhifu, na wachache tu walivijali. Tena alifanya kazi ya ukarani mchana kutwa, hakuwa na nafasi ya kuzunguka kuwatafuta watengenezaji. Hapo Bwana Elliott alimsaidia mara ya pili. Alimpa vyumba vilivyokuwa wazi karibu na ofisi, na wote wawili wakawa washirika. Hele-Shaw, profesa wa uhandisi mjini Liverpool, naye aliutazama uvumbuzi ule akausifu kwa maandishi. Sifa ya mtaalamu iliwapa watengenezaji imani, wakakubali kutengeneza sehemu.

Seti za kwanza zilianza kuuzwa mwaka 1902 kwa jina la Mechanics Made Easy, maana yake Ufundi wa Mashini Umerahisishwa. Ndani ya kila seti mlikuwa na sehemu za namna 16 tu, pamoja na karatasi ya kueleza jinsi ya kujenga mifano 12. Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, lakini faida haikupatikana. Mwaka 1904 zilikuwapo seti za namna 6, na maelezo yake kwa Kiingereza na Kifaransa. Faida ya kwanza, nayo ndogo, ilipatikana mwaka 1906.

Hesabuni wenyewe. Tangu 1901 alipopata hati mpaka 1906 ni miaka mitano. Muda huo wote Hornby aliendelea na kazi yake ya ukarani, na uvumbuzi wake ungeweza kufa wakati wowote kwa kukosa fedha.

Mwaka 1907 watu waliotaka seti walizidi uwezo wa watengenezaji. Ndipo Hornby alipoacha ukarani, akakodi karakana katika Duke Street, Liverpool, akaanza kutengeneza sehemu mwenyewe. Mwaka huohuo alilisajili jina jipya, Meccano, na mwaka 1908 kampuni ya Meccano iliundwa. Bwana Elliott hakujiunga nayo. Mwaka 1914 kilifunguliwa kiwanda kikubwa katika Binns Road.

KAZI KUBWA YA FITO NDOGO

Baadaye wapenzi wa Meccano walijenga mifano ya winchi kubwa za bandarini, zile zilizotumiwa kupanga mawe mazito baharini ili kujenga kuta za kuzuia mawimbi. Mifano hiyo ilikuwa na magurudumu ya meno, iligeuka pande zote, na iliinua mzigo kweli.

Wataalamu nao walizitumia fito hizi. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walijenga mashini ya kufanyia hesabu ngumu, na sehemu zake nyingi zilikuwa za Meccano. Walitaka kujaribu wazo kwa gharama ndogo kabla ya kujenga mashini kubwa. Jaribio lilifaulu, na mashini kubwa ikajengwa.

Hornby alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza mwaka 1931, akafariki tarehe 21 Septemba, 1936. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Lakini wapenzi wa kujenga mifano bado wapo. Mmoja wao akikosa kipande cha winchi yake, huchukua bati akakata na kutoboa mwenyewe, kama alivyofanya Hornby. Tofauti ni hii: hupima nusu inchi kwanza. Kwa hiyo kipande alichokikata leo huingia sawasawa katika fito zilizotoka kiwandani zamani, kabla yeye hajazaliwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu zangu, kutengeneza kitu kwa mkono ni jambo la heshima, na hakuna uvumbuzi ulioanza bila mikono. Lakini kazi ya mkono bila kipimo hufa pamoja na mwenyewe, maana hakuna awezaye kuiendeleza. Kazi yenye kipimo hupokewa na mtu mwingine. Seremala anayeandika vipimo vya mlango wake, na fundi cherehani anayetunza vipimo vya wateja wake, wanaweza kumwachia kijana kazi nusu naye akaimaliza. Ndiyo sababu katika madarasa haya tunafundisha kusoma, kuandika na hesabu pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mfano wa winchi ni mgumu kutengeneza kuliko mfano wa daraja?

2. Tundu la ufito lilikuwa na kazi gani mbili?

3. Ufito wenye urefu wa inchi 12 na nusu utakuwa na matundu mangapi? Chora kama huna hakika.

4. Bwana Elliott alimsaidia Hornby mara ngapi, na kwa njia gani? Je, Hornby angefaulu bila yeye?

5. Taja kazi moja ya kijijini au mtaani kwenu inayoharibika kwa kukosa kipimo kimoja. Mngeitengenezaje?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, na asiyeweza kuandika bado amwambie jirani yake amwandikie. Kwaherini, mpaka somo lijalo.