Maharage ya Kifaransa kutoka Kenya

Nisameheni kwa kupotea, zamu zilinibana. Leo nina kisa cha maharage.

Juzi nikitoka kazini nilipita supamaketi hapa Harrow nikanunua yale maharage machanga, membamba, yanayopikwa na maganda yake. Pakiti imeandikwa yametoka Kenya. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza, akachungulia mfuko: "Aa, umepata maharage ya Kifaransa!" Jamani! Yamepandia ndege Nairobi yakashukia London, Ufaransa labda wameiona dirishani tu.

Nikaanza kusoma. Kumbe hayakuzaliwa Ufaransa wala Kenya. Watu wa Meksiko na wa milima ya Andes kule Amerika Kusini ndio walioyalima kwanza, maelfu ya miaka iliyopita. Ulaya hawakuyajua mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Waingereza wakayaita ya Kifaransa. Wafaransa wenyewe wanayaita maharage ya kijani, basi.

Na si maharage peke yake. Krosanti, ule mkate wa siagi uliopinda kama mwezi mwandamo, asili yake ni Austria. Mwaustria August Zang alifungua duka la mikate ya Vienna mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, Wafaransa wakaiga, wakaongeza ufundi wao. Chipsi nazo Wamarekani wanaziita za Kifaransa, Wabelgiji wanadai ni zao, na kiazi chenyewe kimetoka Andes. Mwaka 2003 Ufaransa ilipopinga vita vya Iraki, mkahawa wa Bunge la Marekani ukazibatiza "chipsi za uhuru". Mwaka 2006 jina la zamani likarudi kimya kimya. Chumvi ile ile, mafuta yale yale!

Msicheke sana, na sisi tumo. Mahindi jina lake linaelekeza Uhindini, lakini yalianza kulimwa Meksiko miaka kama 9,000 iliyopita, na Wareno ndio walioyaleta pwani yetu.

Tena hapa Harrow, migahawa ya Wahindi inauza kitu kinaitwa "mogo", kimekaangwa kwa pilipili. Nilipoletewa sahani nikapiga kelele: huu si muhogo huu! Wahindi waliotoka Kenya, na wale ambao Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, walikuja nao pamoja na jina lake. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, alikuwa anajua ni chakula cha India. Nao muhogo pia kwao ni Amerika Kusini!

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Mwezi uliopita Mama alinipigia simu: "Mpikie mtoto makande, chakula chetu cha asili, asije akawa Mzungu." Nikapika, lakini huku nakoroga nawaza: mahindi ya Meksiko, maharage ya Amerika, hiyo asili yetu iko wapi kwenye sufuria hii?

Nikamkumbuka Bibi, marehemu, akichambua maharage uani, anatukataza kumwaga hata punje moja. Hapo nikapata jibu. Makande ni yetu kwa sababu yeye na mama yake waliyalima, wakayapika, wakatulea nayo. Hatuna haja ya kudanganya yalikozaliwa.

Mjukuu wako naye, Mama, amezaliwa hapa Harrow, na pasi yake ni ya Uingereza. Nilipompakulia, alimaliza sahani akaomba nyingine. Usiogope.

Haya, naingia zamu ya usiku. Nisalimieni wote, na Shangazi aniandikie ile njia yake ya kuunga makande kwa nazi, yangu bado hayajafikia yake.