Mpangilio wa Herufi na Hatima ya Maneno: Kutoka Basra hadi Bukombe

Mtu afunguaye kamusi hudhani kwamba mpangilio wa herufi ulizaliwa pamoja na lugha, na kwamba a ilitangulia b tangu azali. Historia haisemi hivyo. Mpangilio wa herufi ni uamuzi wa watu, na kila uamuzi wa namna hiyo huyaweka maneno mengine mlangoni na mengine uvunguni.

Wapenzi wa ushairi wanamjua al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman aliyefundisha Basra, kuwa ndiye mwasisi wa elimu ya arudhi. Istilahi yetu ya bahari katika utungaji ina nasaba na bahari alizozipambanua yeye. Lakini bingwa huyo wa mizani ndiye pia aliyeasisi kamusi ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Katika kazi hiyo aliuacha mpango wa alifu, bee, tee, akazipanga herufi kwa mahali zinapotamkwa: akaanza na ain ya kooni, akasogea mbele hadi herufi za midomoni. Sikio ndilo lililoamua, si mazoea ya kalamu.

Kiswahili nacho kimeonja mipango zaidi ya mmoja. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, mpishi hutafutwa chini ya pika, maana jamaa wa kitenzi wamekusanywa kwa mzee wao. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, mpishi amehamia kwake, kwenye m. Mpango wa kwanza humfaa aijuaye sarufi; wa pili humfaa mwenye haraka. Hakuna kati yake ulio wa maumbile.

Tukitoka pwani kwenda Shinyanga na Geita, tunakuta swali hilohilo likiwa na uzito zaidi, maana huko kuna lugha ambazo maneno yake mengi hayajapata kamusi ya kuyahifadhi. Bahati njema, huko nako mshairi ametangulia. Kulikoyela Kahigi, aliyeandika Malenga wa Bara (1976) na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) pamoja na M. M. Mulokozi, alitoa mwaka 2008 msamiati wa Kisumbwa, Kiswahili na Kiingereza, chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisumbwa ni lugha ya Bukombe na majirani zake. Wilaya hiyo ilikuwa ya Shinyanga mpaka ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Kwa hiyo, kama al-Khalil, aliyepima mizani ndiye aliyeorodhesha maneno.

Anayeifuata njia hiyo leo hushika kompyuta. Huyaandika maneno katika lahajedwali, lile jedwali la safu na mistari, kisha huiamuru mashine iyapange. Hapo ndipo balaa huanza kimyakimya. Kisukuma kina irabu saba, si tano. Zile mbili za ziada, waandishi wengine huziandika ĩ na ũ, wengine ɪ na ʊ. Mashine ikifuata nambari za ndani za herufi, huzitupa nyuma ya z, mbali na ndugu zake. Ikifuata desturi za Ulaya, huihesabu ĩ kuwa ni i iliyovikwa pambo, ikachanganya maneno ambayo msemaji hayachanganyi. Excel, kwa mfano, huiruka ritifaa inapopanga. Basi ng'ombe wetu hujikuta amefungwa kati ya ngoma na ngome.

Dawa yake si ngumu. Kwanza wenye lugha wakubaliane juu ya mpango wa herufi zao. Kisha kila herufi ipewe nambari ya tarakimu mbili: mathalani a iwe 01, b iwe 02, bh iwe 03. Katika safu ya pili ya jedwali, kila neno liandikwe upya kwa nambari hizo, na mashine iamriwe kupanga kwa safu hiyo ya pili. Sharti moja lisisahauliwe: ng' ibadilishwe kabla ya ng, na ng kabla ya n, la sivyo herufi moja itavunjwa vipande. Safu ya tatu yaweza kubeba shina, ili ng'wana, yaani mtoto, na bhana, yaani watoto, wasitenganishwe na viambishi vyao hali mama yao ni mmoja.

Yafaa nini juhudi yote hii? Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Machimboni hukutana watu wa makabila yote, na lugha yao ni Kiswahili. Duara, mwalo na karasha ni maneno yanayotosheka na irabu tano. Maneno ya zizi, ya ulezi na ya mvua hubaki vinywani mwa wazee, nayo ndiyo yenye sauti ambazo mashine haizijui. Kijana wa Kahama akitaka kulitafuta neno la bibi yake, akalikosa mahali sikio lake lilipomwelekeza, atasema halimo, ilhali limo.

Neno lisilopatikana halitofautiani sana na neno lisiloandikwa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa kila msamiati ubebe mpango wa herufi uliokubaliwa na wasemaji wenyewe, na uandikwe kabla ya neno la kwanza kuingizwa katika jedwali.