Chumvi katika Njia ya Misafara: Kutoka Ugogo hata Uvinza

Historia ya Tabora na ya njia kuu ya misafara huandikwa mara nyingi kwa kuanzia pwani. Husimuliwa jinsi wafanyabiashara wa Unguja na Bagamoyo walivyoingia bara na kujenga vituo vyao katika nchi ya Unyanyembe, na jinsi pembe za ndovu na watumwa walivyoteremshwa mpaka bandarini. Masimulizi hayo ni ya kweli, walakini yameacha jambo moja kubwa. Kabla ya pembe kupata bei kubwa pwani, ilikuwako bara biashara nyingine, ya chumvi na ya majembe, iliyoendeshwa na wenyeji kwa ajili ya mahitaji yao wenyewe. Mwenye kutaka kujua njia hiyo ilianzaje hana budi kuichunguza chumvi: asili yake ardhini, majina yake katika lugha, na mikono iliyoichukua.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipita Ugogo, kisha ukaingia pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ndipo ukafika Unyamwezi. Huko Ugogo, magharibi ya mahali ulipo mji wa Dodoma, iko mbuga ya Bahi, ambayo hujaa maji wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Kaskazini-mashariki ya Tabora hali ni ya namna hiyo hiyo. Maji ya Manonga na ya Wembere huingia ziwa Kitangiri, na kutoka hapo mto Sibiti huyapeleka katika ziwa Eyasi, lililo chini katika Bonde la Ufa. Ziwa hilo halina mto wowote unaoyatoa maji yake. Yakiisha kuingia hayana njia ila kupanda hewani kwa nguvu ya jua, na yale madini yaliyoyeyuka ndani yake hubaki nyuma. Katika miezi ya ukavu maji hurudi nyuma sana, na sehemu kubwa ya ziwa huwa uwanja uliofunikwa na utando mweupe.

Utando huo mweupe si kitu kimoja. Maji yanapopungua, kila aina ya madini hugandamana kwa zamu yake. Kwanza hutengana chokaa, ambayo huzama na kuchanganyika na matope. Mahali ambapo maji yametoka katika mawe ya volkano, na yamejaa kabonati kuliko chokaa, hufuata trona, ambayo ni namna ya sodiamu kabonati. Chumvi ya kula, yaani sodiamu kloraidi, huyeyuka upesi na kwa hiyo huchelewa kuganda; hutokea karibu ya mwisho, maji yakiwa yamebaki kidogo. Mahali pengine huchanganyika na salfati, na hizo ndizo hutia uchungu mdomoni. Basi mtu akwanguaye ardhi ya ziwa lililokauka huokota mchanganyiko, na thamani ya alichookota hutegemea mahali alipokwangua, majira aliyokwenda, na ustadi wake wa kuchuja na kuchemsha.

Kiswahili kinaijua tofauti hiyo. Chumvi ni ile itiwayo chakulani ili kukikoleza. Magadi ni yale yatumiwayo kulainisha maharagwe na mboga ngumu, na kuchanganywa na tumbako. Neno hili ndilo lililokuwa jina la ziwa mashuhuri la Kenya, ambako kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911. Shura ni chumvichumvi itokayo ardhini au katika kuta, ambayo zamani ilitumiwa kutengenezea baruti. Na liko neno la nne, munyu, ambalo kwa wasemaji wengi wa leo limeachwa, ijapokuwa kamusi bado zinalihifadhi kwa maana ya chumvi.

Neno hilo la nne ndilo lenye umri mkubwa kuliko mengine. Warundi na Wanyarwanda husema umunyu, Waganda husema omunnyo, na mbali kusini Washona husema munyu. Neno lililoenea hivyo, kwa sura ambazo hutofautiana kwa kanuni za sauti za kila lugha, haliwezi kuwa limechukuliwa na misafara ya karne ya 19. Ni urithi wa kale wa lugha za Kibantu. Chumvi, kwa upande wake, ni neno la soko. Katika Kikuyu jambo hili laonekana wazi: cumbi ni chumvi inunuliwayo, na munyu ni ule udongo wa chumvi ambao mifugo huulamba. Bidhaa ilipokuja kwa njia ya biashara ilikuja na jina lake, na jina la kale likabaki na ardhi.

Wageni walioandika habari za njia hii waliikuta biashara ya chumvi ikiwa imekwisha kukomaa. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakaliona ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858. Siku chache kabla ya hapo walivuka mto Ruchugi katika nchi ya Uvinza, wakaona mahali pa kutengenezea chumvi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliisifu chumvi ya Uvinza, akasema kwamba huuzwa katika nchi zilizo karibu na ziwa Tanganyika na hata zile za ziwa Nyanza, na kwamba inaishinda mbali ile chumvi chungu ya Ugogo. Hukumu hiyo haikuwa ya ulimi wa mgeni peke yake. Chumvi ya Ugogo hutoka katika mbuga zinazokauka, na hubeba mchanganyiko wote uliokwisha elezwa. Chumvi ya Uvinza hutoka katika chemchemi zilizo karibu na mahali Ruchugi inapokutana na Malagarasi, na maji ya chemchemi hizo yana sodiamu kloraidi nyingi sana na madini mengine kidogo tu.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya kiangazi. Mvua zinyeshapo mito hufurika na maji matamu huichanganya ile chumvi, kwa hiyo watu walingoja ukavu. Hapo walifika wenyeji na wageni wa nchi za jirani, wakajenga vibanda, wakateka maji ya chumvi na kuyachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikaganda. Watemi wa Uvinza walipokea ushuru wao, na chemchemi zilikuwa na mizimu iliyostahili kuheshimiwa kwa tambiko kabla ya kazi kuanza. Yaani palikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulimwezesha mtu wa mbali kuja kufanya kazi katika nchi isiyo yake na kurudi kwao salama na mzigo wake.

Umri wa kazi hiyo ulijulikana mwaka 1967, J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walipochimba Uvinza. Walikuta mabaki ya meko, vigae, na mashimo yaliyokandikwa udongo, na vipimo vya kaboni vikaonyesha kwamba chumvi ilitengenezwa hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Huko Ivuna, kusini ya ziwa Rukwa, uchimbaji wa miaka ile ile ya 1960 ulifunua kazi ya namna hiyo iliyofanywa karne kadhaa kabla ya msafara wa kwanza wa pwani. Yafaa ieleweke kwamba ushahidi huo hauonyeshi kuwa chumvi ya karne ya 6 ilisafiri mpaka Tabora. Mashimo hayasemi mzigo ulikwenda wapi. Huonyesha kwamba kazi yenyewe ni ya kale, na kwamba haikungoja mgeni aifundishe.

Roberts, katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya biashara ya Wanyamwezi, alionyesha maana ya jambo hili. Chumvi na chuma havipatikani kila mahali, na kila mkulima huvihitaji. Mwenye chumvi ya Uvinza aliweza kuibadili kwa majembe yaliyofuliwa na wahunzi kama Walongo wa kusini ya ziwa Nyanza, na kuyabadili majembe kwa nafaka au mifugo. Katika mwendo huo watu walijifunza visima vilipo, watemi waliotaka hongo, na namna ya kugawa mizigo na zamu. Wanyamwezi walipofika pwani wenyewe, yapata mwaka 1800, walikuwa mabingwa wa safari. Wafanyabiashara wa pwani walijenga Tabora baadaye, katikati ya karne ya 19, mahali ambapo njia za wenyeji zilikuwa zimekwisha kukutana.

Safari za Eyasi zatoa mfano wa pili. Vijana wa Kisukuma walikwenda huko wakati wa kiangazi kuchukua chumvi, wakipita pori lenye simba na kiu. Mwenye kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyekwisha kujaribiwa, na safari hizo zilikuwa na nyimbo zake, ambazo zimekusanywa na wataalamu pamoja na nyimbo nyingine za kazi za Wasukuma. Katika safari hizo hapakuwa na tajiri wa pwani wala bunduki yake.

Mambo yaligeuka reli ilipokuja. Wajerumani walijenga kiwanda Uvinza, wakakiita Gottorp. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya wapagazi mamia. Baadaye kazi ya Uvinza ilishikwa na kampuni ya Nyanza Salt Mines, na vyungu vya kiangazi vikatoweka pole pole. Chumvi ilizidi kuwa nyingi na rahisi. Kilichopungua ni maarifa ya kuitambua.

Maarifa hayo yalikaa katika maneno. Waliokwangua Bahi na Eyasi walijua kuipambanua ya chakula na ya mifugo, iliyochujwa na isiyochujwa, na Wavinza walikuwa na lugha ya vyungu, meko na chemchemi. Kamusi ya Kiswahili ikiandika kwamba munyu ni chumvi tu, bila kueleza linatoka wapi na linaishi wapi hata leo, huwa imefuta hati ya historia ya karne nyingi. Maneno ya kazi hiyo yastahili kukusanywa kwa Wagogo, Wavinza, Wasukuma na Wanyamwezi, kila neno na mahali pake na matumizi yake, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai.