Protini ya Lebo na Protini Inayomfaa Kuku

Mfugaji wa kuku wa nyama anaponunua chakula, huangalia kwanza asilimia ya protini. Ninashikilia kwamba namba hiyo inampotosha, na kwamba viwango vya chakula cha mifugo vingepaswa kutaja asidi amino zinazomeng'enyeka, laisini ikiwa ya kwanza.

Asilimia hiyo hutokana na kupima nitrojeni kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mwaka 1883, kisha kuzidisha kwa 6.25. Kipimo hakiulizi nitrojeni imetoka wapi. Ndiyo maana katika kashfa ya maziwa ya China mwaka 2008, nitrojeni ya melamini ilipita kama protini.

Tuchukue mashudu ya pamba. Yaliyokobolewa vizuri hukaribia asilimia 40 ya protini, si mbali sana na 46 za mashudu ya soya. Lakini mbegu ya pamba ina gosipoli, ambayo joto la kukamua mafuta huifanya ishikamane na laisini kiasi kwamba vimeng'enya vya kuku haviwezi kuzitenganisha. Kilo ya mashudu ya soya ina takriban gramu 28 za laisini, na kuku anayekua hunufaika na karibu 25. Kilo ya mashudu ya pamba ina kama 16, na theluthi moja hivi hupotea. Tofauti iliyoonekana ndogo kwenye lebo imekuwa zaidi ya maradufu tumboni! Unga wa manyoya hupotosha zaidi: protini yake huzidi asilimia 80, lakini usipopikwa kwa mvuke wenye shinikizo, sehemu kubwa hupita bila kumeng'enywa.

Mahali pa kupimia napo pana uzito. Kuku hutoa mkojo na kinyesi pamoja, na bakteria wa mwisho wa utumbo hula mabaki ya protini. Laisini inayopotelea huko haijengi nyama. Kwa hiyo sampuli sahihi huchukuliwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hesabu huondoa protini ambayo utumbo wenyewe huimwaga.

Wapo wanaosema, kwa haki, kwamba majaribio hayo ni ghali kwa viwanda vyetu vidogo, hivyo majedwali ya kimataifa yatoshe. Hayatoshi, kwa sababu jina la malighafi halielezi ilivyopikwa. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini vinavyozuia mmeng'enyo. Iliyoungua imefunga laisini yake kwa sukari. Zote mbili huuzwa kama soya, na Kjeldahl huzipa alama ileile.

Iliyopikwa kupita kiasi hugundulika kwa gharama ndogo: huloweshwa katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 0.2, kisha hupimwa protini iliyoyeyuka. Soya nzuri huyeyuka kwa takriban asilimia 80. Iliyoungua hushuka chini ya 70. Mbichi hunaswa kwa kipimo cha kimeng'enya cha yurease. Maabara inayopima nitrojeni leo tayari ina sehemu kubwa ya vifaa vinavyohitajika.