Santuri za Zamani katika Nchi ya Ugogo

Neno santuri limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni jina la chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi zigongwazo kwa vijiti. Watu wa pwani walipoiona mashine iimbayo pasipo mwimbaji, waliipa jina la chombo hicho cha kale. Na lile bamba jeusi lizungukalo juu yake wakaliita sahani ya santuri. Baadaye jina la mashine likahamia katika sahani yenyewe, na leo tusemapo santuri twakusudia sahani. Nalo jina la sahani lilistahili, maana kitu kile kikianguka huvunjika kama chombo cha udongo.

Yafaa tujue jinsi ilivyofanyizwa. Katika Bara Hindi wako wadudu wadogo wakaao juu ya matawi ya miti na kutoa utomvu ugandao. Utomvu huo ndio asili ya lakiri, ile ambayo watu walitilia mhuri barua zao. Wenye viwanda waliuchanganya na unga wa mawe na masizi, wakaushindilia kwa moto kati ya vyuma vilivyochorwa alama za sauti. Sahani ya inchi 10 ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulitosha dakika 3 tu, au zaidi kidogo. Ule unga wa mawe uliisaga sindano ya chuma, hata ikapasa kuibadili kila upande upigwapo. Umeme haukuhitajiwa: mkono wa mtu ulikaza kamani, na kamani ikaizungusha sahani. Kwa hiyo santuri iliweza kuimba hata katika nyumba isiyo na taa ila ya mafuta.

Njia ya kuifikisha huku juu ilikuwa tayari. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914, na bidhaa za pwani zikapanda pamoja na gari la moshi. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, pamoja na wenzake hata Bombay, wakaimba mbele ya mashine. Zamani taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, na santuri zake zikaenea Afrika ya Mashariki. Tuwaze basi jambo hili lilikuwa na maana gani kwa mtu ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Kitabu cha shule kilimwonyesha maneno ya Kiswahili, bali hakikuweza kumtamkia. Sahani ilimtamkia, ikarudia mara mia bila kuchoka.

Vita vya mwaka 1939 hata 1945 vilipunguza biashara hiyo. Utomvu ulikuwa haba, hata katika Uingereza watu waliombwa kurudisha sahani kuukuu zipate kusagwa na kufanyizwa mpya. Vita vilipokwisha, Nairobi palifunguliwa vyumba vya kurekodi, na sauti za wapiga gitaa kama Fundi Konde zikaanza kusikika. Lakini tukitazama vema, twaona ya kuwa kwa muda mrefu santuri zilileta sauti za watu wengine katika nchi hii ya juu, wala hazikuchukua sauti ya nchi hii kuipeleka kwa wengine.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na vyombo vyake, na Wagogo walikuwa miongoni mwa watu aliowarekodi. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo yeye naye alizoea kuupima wimbo kwa urefu wa sahani, na hapo ndipo penye shida. Mtu mmoja mwenye zeze lake aweza kuketi mbele ya mashine akatoa wimbo wake kwa dakika 3. Bali muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanaoshika ngoma kati ya miguu, wakipiga na kuitikiana, haipimwi hivyo. Ina kuanza kwake, kupamba moto kwake na kutulia kwake, nayo ina siku yake na sababu yake. Sahani ilichukua kipande tu, na sababu ikabaki kijijini.

Basi wako watu wakusanyao santuri hizi, na huenda msomaji anazo chache sandukuni alizoachiwa na baba yake. Azisimamishe wima, wala asizilaze moja juu ya moja; aziweke mbali na jua, maana joto huzipinda, na vumbi letu la kiangazi huingia katika mifereji na kuikwaruza. Asizifute kamwe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha utomvu ule. Tena asitumie sindano nyembamba ya sahani za siku hizi, kwa sababu mfereji wa santuri ya kale ni mpana zaidi.

Lakini kuitunza sahani ni nusu ya kazi. Twaweza kuwa na wimbo mzima usiokwaruzika, tusijue mwimbaji ni nani, wala kama ulikuwa wa kuomba mvua, au wa jando, au wa furaha ya mavuno. Mambo hayo hayakuandikwa katika karatasi ndogo ya katikati ya sahani. Yamo katika vichwa vya wazee, nao wanapungua kila mwaka. Twawasihi walimu na wachungaji, mpatapo wimbo wa zamani wa nchi hii, upigeni mbele ya wazee wa kijiji, mkanyamaze, mkaandike wanayosema: jina, mahali, na sababu ya kuimbwa. Sahani ikivunjika baada ya hapo, hatutakuwa tumepoteza yote.