Kutoka Nyarushishi hadi Nyandungu: jinsi Rwanda ilivyorudisha mahali pa kukutania

Katika tarafa ya Nkungu, wilayani Rusizi, kuna kilima kiitwacho Nyarushishi. Ni nchi ya chai na miteremko mikali, kusini magharibi mwa Rwanda, kati ya Ziwa Kivu na msitu wa Nyungwe. Anayetaka kujua kwa nini Wanyarwanda wanalibeba kwa uzito suala la viwanja, bustani na mitaa ya waenda kwa miguu, asianzie Kigali. Aanzie hapa.

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wa Cyangugu, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, walikimbilia palepale ambapo binadamu yeyote angekimbilia: kanisani, shuleni, hospitalini, uwanjani. Palikuwa mahali pa wote, na waliamini pangewahifadhi. Tarehe 12 Aprili, askari waliwaua watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Gashirabwoba. Waliojificha katika kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Huko majina yalisomwa kutoka kwenye orodha, na walioitwa wakatolewa wakaenda kuuawa. Mwishoni mwa mwezi huo wanamgambo wa Yussuf Munyakazi kutoka Bugarama walizishambulia parokia za Shangi na Mibilizi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimhukumu Munyakazi kifungo cha miaka 25 mwaka 2010 kwa mauaji hayo.

Mwezi Mei, walionusurika Kamarampaka walipelekwa Nyarushishi. Kambi ikajaa watu wapatao 8,000, wakilala kwenye kilima kilicho wazi, na wanamgambo wakiizunguka. Afisa wa jandarmeri, Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, aliweka askari wake kuilinda, na wauaji walipokuja walizuiwa. Hali ilikuwa hivyo hadi wanajeshi wa Ufaransa walipofika mwishoni mwa Juni. Kwa maelfu ya watu wa mkoa ule, Nyarushishi ndipo maisha yalipoanza upya.

Historia hii ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Wataalamu wa mipango miji wanapozungumzia maeneo ya umma yanayoleta afya, hutaja miti, vivuli, viti na njia za baiskeli. Hayo ni kweli na yana faida. Lakini uwanja hauwezi kumpa mtu afya ikiwa anauingia kwa hofu ya jirani yake. Rwanda ilianza kujenga maeneo yake ya umma kutoka chini kabisa, mahali ambapo hata uwanja wa mpira ulikuwa umegeuka mtego. Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha imani. Bustani zilikuja baadaye.

Mahakama zilizokaa nje

Kwa muda mrefu wazee wa Rwanda walisuluhisha ugomvi wakiwa wameketi pamoja nje, kwenye nyasi. Mwaka 2002 serikali ilianza majaribio ya kuutumia utaratibu huo wa gacaca kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na mwaka 2005 ukaenea nchi nzima. Hadi mahakama hizo zilipofungwa rasmi mwezi Juni 2012, karibu kesi milioni mbili zilikuwa zimeamuliwa.

Gacaca ilikosolewa, na mengi ya yaliyosemwa yalikuwa na uzito. Mahakimu walikuwa watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani, washtakiwa hawakuwa na mawakili, na wapo mashahidi waliotishwa. Hata hivyo, mara moja kwa wiki, katika vilima vya nchi nzima, watu ambao wasingekaa pamoja kwa hiari yao waliketi mahali pamoja, mchana kweupe, kila mmoja akimwona mwenzake. Wengi walijua hapo mara ya kwanza ni wapi walipozikwa ndugu zao. Eneo la wazi la kijiji lililotumika kuita watu wauawe lilitumika sasa kusema kilichotendeka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, nao una historia yenye kona nyingi. Zamani lilikuwa jambo la ujirani: watu wakimsaidia mwenzao kujenga nyumba au kulima shamba. Wakoloni waliwazoesha watu kazi ya lazima. Mwaka 1974 serikali ya Juvénal Habyarimana ikaufanya umuganda kuwa wajibu wa kila wiki, na mwaka 1994 wauaji walilitumia neno hilohilo kuita watu wakafyeke vichaka walimojificha binadamu wenzao. Ilihitaji ujasiri kulifufua jina hilo. Sheria ya mwaka 2007 iliweka utaratibu unaotumika leo: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, wenye afya walio na umri wa miaka 18 hadi 65 hufanya kazi pamoja.

Asubuhi hiyo njia za vijijini hujaa majembe, mapanga na makarai. Watu huchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, hupanda miti, huziba mashimo barabarani, husafisha madimbwi yanayozalisha mbu na humjengea choo mzee asiye na wa kumsaidia. Kwenye milima kama ya Rusizi, ambako mvua moja kubwa inaweza kuporomosha mteremko juu ya nyumba za watu, mfereji uliochimbwa vizuri huokoa maisha.

Kazi ikiisha, watu hawatawanyiki. Jembe huwekwa chini na mkutano huanza palepale. Ndipo wanakumbushwa kulipia bima ya afya ya jamii, mutuelle, iliyoanza kwa majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999 kabla ya kuenea nchini. Hata wajanama wa afya, wale wajitolea wa kijiji wanaopima malaria na kuwafuatilia wajawazito, huchaguliwa na majirani zao wenyewe hadharani. Mtandao wao ulianza mwaka 1995, na leo ni makumi ya maelfu ya watu wanaovifikia vijiji zaidi ya 14,000. Mfumo wa afya unaosifiwa duniani kote umesimama juu ya mkutano wa kijiji.

Kikao kinachotibu

Yapo majeraha ambayo mfereji na bima haviyafikii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sonona iliwapata takriban asilimia 12 ya wananchi kwa jumla, lakini miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari ilikuwa asilimia 35. Ugonjwa unaotokana na mshtuko wa mambo mazito uliwapata chini ya asilimia 4 ya wananchi, na karibu asilimia 28 ya walionusurika. Hakuna nchi yenye wataalamu wa kutosha kumwona kila mmoja wao ofisini, chini ya paa.

Mwaka 2005, katika dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, kaskazini mwa nchi, ulianza utaratibu unaojulikana leo kwa jina la Mvura Nkuvure. Watu kama kumi na wachache, mara nyingi aliyefiwa, mke wa mfungwa na aliyetoka gerezani wakiwa pamoja, hukutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 15. Huketi kwa duara karibu na makwao: darasani baada ya wanafunzi kuondoka, kanisani, chini ya mti. Hawaanzi na yaliyotokea 1994. Huanza na usalama: tukikaa hapa, ni nini kitanifanya nisiogope? Baada ya hapo wanaingia kwenye kuaminiana, halafu kujaliana, halafu kuheshimiana, na ndipo huja kumbukumbu. Mpangilio huo unafundisha jambo ambalo kila mjenzi wa bustani angepaswa kulijua: usalama ndio wa kwanza, mengine yote hujengwa juu yake.

Jiko la kijiji

Kuna mahali pengine pa umma ambapo mgeni anaweza kupapita asipaone. Ni uani kwa jirani, penye mafiga na sufuria kubwa. Hapo ndipo huandaliwa igikoni cy'umudugudu, jiko la kijiji. Kina mama, na siku hizi baadhi ya kina baba, huja na alichonacho kila mtu: maharage, dodo, viazi vitamu, karoti, yai, pengine sambaza wa Ziwa Kivu. Mjanama wa afya humpima mtoto uzito, humzungushia utepe mkononi kuona kama amedhoofu, na mama huonyeshwa jinsi ya kuchanganya chakula cha mtoto. Halafu watoto wanalishwa pamoja.

Hakuna jengo, na gharama ni ndogo. Lakini vita inayopiganwa hapo ni kubwa. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 38 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka mitano baadaye ilikuwa asilimia 33, na Mkoa wa Magharibi, ambamo Rusizi imo, ulikuwa juu ya wastani huo wa taifa. Chai huuzwa nje na ardhi ni finyu. Kwa sensa ya 2022 Rwanda ilikuwa na watu 503 kwa kilomita moja ya mraba. Kila mahali ambapo mama mmoja humfundisha mwenzake kulisha mtoto kwa kidogo alichonacho, pana thamani ya zahanati.

Mji unafunga barabara

Mjini tatizo ni jingine. Mtu anakaa ofisini, anapanda pikipiki, anarudi nyumbani. Shinikizo la damu na kisukari vinamjia polepole bila yeye kujua. Mwaka 2015 Jiji la Kigali lilifungia magari barabara moja katikati ya mji. Kwa miaka kadhaa ilikaa kama lami tupu, na wafanyabiashara walilalamika kwamba wateja wamepungua. Mwaka 2022 ilifunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk, ikiwa na viti, miti, njia ya baiskeli na mahali pa watoto kuchezea. Sasa jioni hujaa watu.

Mwezi Mei 2016 ilianza siku ya mji bila magari. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi. Baadaye ikawa Jumapili mbili. Barabara kuu hufungwa kwa saa chache za asubuhi, watu wakakimbia, wakatembea, wakaendesha baiskeli na kufanya mazoezi kwa pamoja. Pembeni huwekwa meza za wahudumu wa afya. Anayetoka jasho hukaa, hufungwa kitambaa cha kupimia presha mkononi, hutobolewa kidole kwa ajili ya sukari, na huondoka anajua hali yake bila kulipa chochote. Bogotá, Kolombia, ilianza kufunga barabara namna hii mwaka 1974. Kigali imeliunganisha wazo hilo na vipimo vya bure.

Kisha ikaja Nyandungu. Bonde hilo la mashariki mwa jiji, ambako Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa mwaka 1990, lilikuwa limeharibika kwa taka, malisho ya mifugo na shughuli zisizo na kibali. Kazi ya kulirudisha ilianza mwaka 2016. Julai 2022 lilifunguliwa kama hifadhi ya mjini yenye hekta zaidi ya 120, mabwawa, njia za kutembea na baiskeli, bustani ya miti ya dawa na maelfu ya miti ya asili. Ardhi oevu hiyo huchuja maji machafu na kupunguza mafuriko, huku watu wakipumua hewa safi. Mwaka huohuo Kigali ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mji wa ardhi oevu, na mwaka 2024 ilianza kazi ya kurudisha maeneo oevu mengine matano, Gikondo na Nyabugogo yakiwemo.

Deni la Nkungu

Mafanikio ya Kigali yanastahili sifa, na yanazaa swali la haki. Nyandungu ina kiingilio, na iko mbali mno na mchumaji chai wa Rusizi. Tena mkulima wa Nkungu hahitaji kufungiwa barabara ili atembee. Anapanda na kushuka mlima tangu alfajiri akiwa na mzigo kichwani. Kwake yeye mahali pa afya ni kitu kingine. Ni bomba la maji safi lililo karibu kiasi kwamba binti hapotezi masomo. Ni soko lenye paa na choo. Ni uwanja wa tambarare, kitu adimu milimani, ambapo watoto wanacheza bila kuukimbia mteremko. Ni kivuli chenye benchi kwa mzee anayesubiri zamu zahanati, na njia ya miguu isiyogeuka utelezi mvua ikinyesha.

Hayo yote yanawezekana, kwa sababu kilicho kigumu zaidi kimeshapatikana. Fedha hutafutwa na ramani huchorwa; imani ya watu kukaa pamoja haiagizwi kutoka nje. Watu wa milima ile wamekwisha kuijenga kwa mikono yao, katika gacaca, katika umuganda, katika duara la Mvura Nkuvure na katika jiko la kijiji. Haba na haba hujaza kibaba, na wao wamekuwa wakijaza tangu siku waliposhuka kutoka Nyarushishi.

Kwa hiyo bajeti za wilaya zisihesabu uwanja wa kijiji kuwa anasa ya kusubiri hadi barabara na madaraja yaishe. Kipande cha ardhi ya wote kitengwe katika kila kata kabla hakijagawanywa, kipimwe, kiandikwe, na wananchi waulizwe wenyewe wanataka nini kiwekwe hapo. Jibu lao litatoka kwenye mkutano wa umuganda, na lifanyiwe kazi.